Kamera, Filta na Kioo: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua za safari hii zinahusu urembo wa mitandaoni na namna wasichana wanavyojiona baada ya kuutazama. Tumechagua zile ambazo jibu lake linaweza kumfaa na mwingine, tukazifupisha na kuondoa majina. Zilizotuuliza nani mzuri kuliko nani tumezirudisha kabatini.

Kwenye kioo sioni tatizo lolote, lakini kila nikijipiga selfi pua inajaa uso mzima. Wenzangu zao zinatoka nyembamba. Nimeshaanza kuulizia upasuaji. Si wanasema kamera haidanganyi? — Msichana wa miaka 19

Kamera inadanganya, mdogo wetu, na uongo wake unapimika.

Chanzo ni umbali. Selfi hupigwa mkono ukiwa umekunjwa kidogo, kwa hiyo kamera inakuwa kama sentimita 30 tu kutoka usoni. Hapo ncha ya pua iko karibu sana na lenzi, masikio yako mbali, na kamera hukikuza zaidi kile kilicho karibu nayo. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji nchini Marekani walichapisha hesabu ya jambo hili: kwa sentimita 30 pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo, na ukirudi nyuma hadi mita 1.5 ongezeko hilo halipo tena. Wagonjwa walikuwa wakija kliniki na simu mkononi, wakitaka kupunguziwa pua ambayo ipo kwenye selfi tu.

Wengi huilaumu lenzi pana ya kamera ya mbele. Kosa la lenzi ni moja: inakulazimisha usogee karibu ili uso ujae kwenye picha. Ukirudi nyuma, lenzi ile ile itatoa pua yako ya kila siku.

Jipime hivi. Kwanza fungua kamera, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta sehemu ya urembeshaji au ulainishaji wa ngozi, kisha shusha kila kitelezi hadi 0. Baadhi ya simu hutoka dukani sehemu hiyo ikiwa imewashwa, zikakurekebisha uso bila kukuuliza. Huenda hiyo ndiyo siri ya pua nyembamba za wenzako, na baadhi yao hawajui kabisa kwamba simu imewachonga. Sasa simamisha simu juu ya rafu usawa wa macho yako, kaa umbali wa mita 1.5 hadi 2, geukia dirisha, zima taa ya dari (mwanga wa juu hutupa kivuli chini ya pua na kuifanya ionekane nene), tumia kamera ya nyuma na uweke saa ya sekunde 10. Ukimaliza, ikate picha hadi ubaki uso. Kisha piga nyingine kwa sentimita 30 bila kubadilisha mwanga. Ziweke ubavu kwa ubavu, utaona watu wawili.

Kuna la pili. Kioo hukuonyesha uso wako uliogeuzwa kushoto kuwa kulia, na huo ndio umeuzoea tangu utoto. Picha isiyogeuzwa huonyesha upande ambao watu wengine huuona. Kwa kuwa hakuna uso ambao pande zake mbili zinalingana kabisa, picha hiyo itakuja na ugeni, na ugeni huo ni rahisi kuuita ubaya. Jaribio la mwaka 1977 lilionyesha jambo hili vizuri: wanawake walioonyeshwa picha zao za aina mbili walipenda zaidi ile iliyogeuzwa kama kioo, ilhali rafiki zao walipenda ile isiyogeuzwa. Kila mtu alichagua alichokizoea.

Kuhusu upasuaji, hatukukatazi. Tunachokuomba ni kwamba usiupange kwa kutumia selfi. Ukifika kwa daktari, usimwonyeshe simu kwanza. Mwache akutazame, umuulize anaona nini. Kama hakigusi kile kinachokukosesha usingizi, hiyo ni taarifa kubwa. Na kama unalifikiria jambo hili zaidi ya saa moja kwa siku, soma jibu letu kwa kaka mwenye mchumba hapo chini kabla hujalipa hata amana.

Nasomea ubunifu wa picha. Kulainisha ngozi, kubana kiuno, kunyoosha mguu, yote nayafanya kwa mikono yangu. Najua wazi kwamba ninachokiona mtandaoni ni kazi ya kompyuta. Kwa nini bado nikifunga simu najiona takataka? — Mwanafunzi wa chuo

Barua yako ndiyo iliyotukalisha muda mrefu kuliko zote, kwa sababu inabomoa ushauri ambao kila mtu huutoa: "Kumbuka tu kwamba picha hizo si za kweli." Unakumbuka, na bado unaumia.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba pale ambapo hakuna rula ya kujipimia, watu hujipima kwa kujilinganisha na wenzao. Urembo hauna rula. Ulinganisho huo hufanyika haraka mno, na ujuzi wako wa kuhariri huja baadaye, kama mzazi anayefika sokoni baada ya mtoto kushika kila kitu. Picha imeshaingia. Ndiyo maana hata sheria zimepata shida hapa. Ufaransa ililazimisha mwaka 2017 picha za biashara za wanamitindo zilizobadilishwa umbo ziandikwe kwamba zimehaririwa. Norway ikafuata kwa sheria iliyoanza kutumika Julai 2022 na inayowabana hata wanaolipwa kutangaza kwenye akaunti zao. Kama haki ya mnunuzi asidanganywe, tunaziunga mkono. Kama dawa ya kujiona vibaya hazijafua dafu: watafiti wamezijaribu lebo za aina hiyo mara nyingi na kwa kawaida wanaotazama hubaki wakijiona vile vile. Lebo inayotaja sehemu iliyohaririwa huweza hata kulivuta jicho likaitazame zaidi sehemu hiyo.

Kinachofanya kazi ni kipimo, yaani wingi wa unachotazama. Mfano unaojulikana sana ni wa Fiji, mahali ambapo mwili mnene ulikuwa ukisifiwa. Televisheni iliingia katika eneo la Nadroga mwaka 1995. Wakati huo, kati ya wasichana wa shule walioulizwa na mtafiti Anne Becker na wenzake, hakuna aliyesema hujitapisha ili apungue. Mwaka 1998, wasichana wa shule walipoulizwa tena, asilimia 11.3 walisema hufanya hivyo. Hapakuwa na filta wala simu, ni televisheni tu na miaka 3.

Habari njema ni kwamba kipimo kikishushwa, nafuu huja. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililowahusu vijana 220 wa Canada, wa miaka 17 hadi 25, wenye dalili za wasiwasi au sonona. Kundi moja liliambiwa lisizidishe dakika 60 kwa siku kwenye mitandao ya kijamii, la pili liliendelea kama kawaida. Waliowekewa kikomo hawakutii barabara, walifika wastani wa dakika 78. Hata hivyo, baada ya wiki 3 walikuwa wanauona mwonekano na uzito wao vizuri zaidi kuliko walivyoanza, na wale wengine hawakubadilika.

Kwa hiyo anza na muda. Angalia kwenye mipangilio ya simu wastani wako wa wiki iliyopita, ugawe mara mbili, weka kikomo cha kila programu, na nywila ya kikomo aiweke mtu mwingine. Ukiiweka wewe utaifungua saa tano usiku.

Kisha kiguse kile kinacholetwa. Algorithimu, yaani mfumo unaochagua cha kukuonyesha, haijui unapenda nini. Inahesabu sekunde ulizosimama. Ukisimama kumchambua mtu kwa hasira, ukafungua komenti, ukamtumia rafiki ili mcheke, kwake hayo yote ni "niletee zaidi". Kwa wiki moja fanya kazi hii: kila video inayokufanya ujiguse tumbo au ujitazame kwenye kioo, bonyeza papo hapo kitufe cha kusema huvutiwi nayo kisha upite. Usiimalize. Akaunti za watu unaowafahamu ambao ni vigumu kuacha kuwafuata, zinyamazishe, hawatajua. TikTok na Instagram zote mbili zina sehemu ya kuanzisha upya mapendekezo, itumie siku ya kwanza. Halafu tafuta kwa makusudi vitu 10 visivyohusu miili, iwe ufinyanzi, hesabu, mbwa au ushonaji, na vitazame hadi mwisho. Usipoijaza nafasi hiyo wewe, mtandao utaijaza kwa vile vile ulivyoviacha.

Uangalie pia mazoezi na "ulaji safi". Wasichana wengi huondoa akaunti za wanamitindo wakaweka za mazoezi wakidhani wametoka. Picha ikiwa ni tumbo lenye misuli na maneno ya kukukaripia, ni kiatu kile kile cha mguu wa pili.

Kazi yako nayo inakuumiza: unatazama ngozi iliyokuzwa mara nne siku nzima. Ukimaliza, tazama nyuso halisi za watu kwa umbali wa kuzungumza. Vitundu vya ngozi vya kila mtu viko pale pale.

Nitajuaje kama video imewekwa filta? — Msomaji wa miaka 16

Zamani tungekuambia: subiri apitishe mkono mbele ya uso. Filta za kizamani huruka, nyusi hubaki hewani, kope huhama. Akigeuka ubavu, pua hurudi ghafla ilivyokuwa. Kwa umbo la mwili, tazama vitu vilivyonyooka nyuma yake, kama fremu ya mlango na mistari ya vigae. Vikipinda karibu na kiuno au paja, pamevutwa. Linganisha pia uso na shingo, masikio na mikono: uso hauna hata kinyweleo, mikono ina kila kitu.

Tangu mwaka 2023, hata hivyo, zimekuja filta zinazochora uso upya katika kila picha ya video, na mkono ukipita haziruki. Filta ya TikTok iliyoitwa Bold Glamour iliwashangaza watu kwa sababu hiyo hasa. Kwa hiyo usijipe kazi ya upelelezi. Chukulia kwamba kila uso laini umerekebishwa, upite.

Natumia krimu ya kung'arisha niliyoiona kwa dada mmoja mwenye wafuasi wengi. Miezi minne ya kwanza niling'aa sana. Sasa nikiacha siku tatu uso unawaka moto, unakuwa mwekundu na vipele vinatoka. Mashavuni kuna weusi wenye rangi ya bluu. Niongeze au niache? — Asiyetaka kutajwa

Usiongeze. Wala usiitupe yote leo kabla hujaonana na daktari wa ngozi, tutakueleza kwa nini.

Kung'aa haraka kisha kuwaka ukiacha ni dalili ya steroidi kali. Kwenye kopo hutajwa kama clobetasol au betamethasone, na mara nyingi haitajwi kabisa. Ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi, inayotumika kwa muda mfupi na kwa maelekezo. Ikipakwa usoni kila siku kwa miezi hupunguza unene wa ngozi, huleta michirizi, mishipa midogo inayoonekana, nywele na chunusi. Ngozi huizoea, ikikatishwa ghafla huwaka. Daktari anaweza kukushusha polepole hadi kwenye dawa dhaifu, na atakuambia mapema kwamba uso unaweza kusumbua kwa wiki, hata miezi. Tunalisema hili wazi kwa sababu wengi hurudia kopo katika wiki ya pili wakidhani ngozi yao "imekataa" kuwa nyeusi. Kama uliipaka mwili mzima, sema hivyo kliniki: steroidi huingia kwenye damu na kulaza tezi zinazotengeneza homoni yake ya asili. Ukiacha kisha ukapata uchovu mkali, kizunguzungu ukisimama, kutapika au kuzirai, hiyo ni dharura, nenda hospitali siku hiyo hiyo na kopo mkononi.

Weusi wenye rangi ya bluu unaelekea upande wa haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi. Ikitumika muda mrefu huweza kuacha rangi ndani kabisa ya ngozi, hasa mashavuni na kwenye paji, na mtu akiona weusi hupaka zaidi, ukazidi. Rangi hiyo ni ngumu sana kuitoa. Kila wiki unayoacha mapema ni faida.

La tatu ni zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulilenga hata vipodozi vyenye zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama ziliondoa hata kile kiwango kidogo kilichokuwa kikivumiliwa. Bado vinauzwa. Soma kopo: maneno mercury, mercuric, mercurio, calomel au alama Hg. Ishara nyingine ambayo wachache wanaijua: maelezo yanayokukataza kugusisha krimu na dhahabu, fedha, alumini au mpira. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, huleta wasiwasi na sonona, na hutoka kwako kwenda kwa wengine kwa taulo, shuka na kushikana. Kama una mtoto mchanga au mimba, mwambie daktari kabla hajauliza. Kopo lisilo na orodha ya viambato, au mkorogo uliochanganywa na muuzaji, lihesabu kuwa na vyote vitatu.

Ukishaanza kutibiwa, kazi yako nyumbani ni ndogo. Osha uso mara 2 kwa siku kwa sabuni laini isiyo na manukato, paka mafuta ya kawaida yasiyo na harufu, na krimu ya kukinga jua yenye kinga ya 30 au zaidi, hata kama ngozi yako ni nyeusi. Kiasi chake ni mistari miwili inayojaza urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo, na urudie kila baada ya saa 2 ukiwa juani. Yenye rangi ya ngozi inafaa zaidi kwa mabaka, kwa sababu oksidi za chuma zinazoipa rangi huzuia pia mwanga wa kawaida unaoyatia weusi. Hadi ngozi itulie, usiguse skrabu, limau wala dawa ya meno. Mabaka ya chunusi yanatibika kwa dawa salama kama asidi ya azelaiki, lakini huchukua wiki 8 hadi 12. Yeyote anayekuahidi siku 7 amekwisha kukuambia alichoweka ndani.

Binti yangu ana miaka 14. Kila chakula amekwisha kula kwa rafiki yake. Anavaa sweta kwenye joto, anafuta kila picha ya familia aliyomo, na baada ya mlo anakimbilia bafuni. Baba yake anasema ni ujana, utapita. Nimnyang'anye simu? — Mama mwenye wasiwasi

Mama, wasiwasi wako una msingi. Usisubiri upite.

Sweta kwenye joto huweza kuwa baridi ya kweli, maana mwili usiolishwa hupunguza moto wake, au njia ya kuficha umbo. Bafuni baada ya kila mlo huashiria kujitapisha. Tazama mengine kimya kimya: hedhi iliyokosekana miezi 3, nywele zinazokatika, mashavu yaliyovimba chini ya masikio, makovu kwenye vifundo vya vidole, meno yanayouma kwa maji baridi. Usingoje akonde. Msichana mwenye uzito wa kawaida au mnene anaweza kuwa mgonjwa sana wa ulaji, na hao ndio wanaocheleweshwa kwa kuwa majirani wanawasifu.

Mchukue hospitali wiki hii. Omba apimwe mapigo ya moyo na shinikizo la damu akiwa amelala kisha amesimama, na kiwango cha potasiamu, kwa sababu kutapika huishusha na moyo huyumba. Akizirai, mapigo yakiwa chini ya 50 kwa dakika, akitapika damu au akikataa hata maji, usingoje miadi. Na kama hajala karibu chochote kwa zaidi ya siku 5, usimkalishe mbele ya sinia kubwa kwa furaha ya kwamba amekubali kula: mwili uliokaa na njaa, ukijazwa ghafla, huvuruga chumvi za damu kwa hatari. Hiyo ni kazi ya kufanyia hospitali.

Kwa umri wake, tiba yenye ushahidi mzuri ni ile inayowapa wazazi usukani wa chakula kwa muda. Mnaamua nyinyi kinacholiwa na kiasi: milo 3 na vitafunio 2 au 3, asikae zaidi ya saa 4 bila kula. Mmoja wenu anakaa naye mezani hadi amalize, na saa moja baadaye yuko naye sebuleni, si bafuni. Mezani hakuna mjadala wa mafuta wala uzito. Sentensi moja inatosha, hata mkiirudia mara ishirini: "Najua ni vigumu. Chakula hiki ndicho dawa, nipo hapa." Baba yake lazima awe upande huo huo, ugonjwa huu hupenya penye ufa kati ya wazazi. Mwambie akome pia kumwita "kibonge wangu", hata kwa mahaba. Na wewe, mama, acha kulalamikia tumbo lako mbele yake.

Simu sasa. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nyaraka za ndani za kampuni hiyo, ambayo ndiyo yenye Instagram. Katika moja, asilimia 32 ya wasichana balehe walisema kwamba wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwafanya wajisikie vibaya zaidi. Kwa hiyo simu ina mkono wake. Lakini ukiinyakua kwa hasira utapoteza dirisha la kuona anachotazama, naye ataazima ya rafiki. Sheria iwe ya nyumba nzima: simu zote zinalala sebuleni usiku, hakuna simu mezani. Kisha kaa naye dakika 20 akuonyeshe anachotazama. Usitoe hukumu. Muulize, "Huyu ukimtazama unajisikiaje?" Akaunti za kufundishana kujinyima chakula, zifungieni pamoja na mziripoti.

Muulize wazi pia kama amewahi kutamani kufa. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Jibu likiwa ndiyo, asibaki peke yake hadi aonwe na daktari.

Mkanda wa kubana tumbo unaondoa mafuta? Na vidonge vya kukuza makalio? — Msomaji

Mkanda hauondoi mafuta. Hutoa jasho na kuyasukuma ya tumboni juu na chini. Ukiuvua, yanarudi ndani ya saa chache. Ukibana sana hupunguza pumzi, hurudisha asidi ya tumbo kooni, hutia ganzi mapajani. Kama unauvaa kwa sherehe, legeza hadi uweze kuvuta pumzi nzito na kuinama, na usilale nao. Aliyetoka kujifungua amuulize mkunga kwanza.

Vidonge na sharubati za "shepu" mara nyingi huwa na siproheptadini, dawa ya mzio ambayo huleta njaa na usingizi mzito, au steroidi. Unakula zaidi, unanenepa. Wapi mafuta yakae huamua mwili wako, si kopo. Ukiona umelala mchana wote au uso umejaa kama mwezi, acha kuongeza dozi na umwone daktari, hasa kama umevimeza kwa wiki kadhaa.

Hukuuliza upasuaji, ila barua nyingine ziliuliza. Kuhamishia mafuta makalioni kulikadiriwa mwaka 2017 kuua takriban mtu 1 kati ya 3,000, kiwango kilichowatisha madaktari wenyewe. Mafuta yakidungwa ndani ya msuli yanaweza kuingia kwenye mshipa mkubwa na kufika kwenye mapafu. Tangu hapo vyama vyao vinaagiza yawekwe juu ya msuli tu. Aliyeamua amuulize daktari swali hilo moja. Akijibu kwa kukwepa, aondoke.

Mchumba wangu ananiuliza kila siku, zaidi ya mara kumi, kama ngozi yake imeharibika. Mimi sioni kitu. Namwambia ni mzuri, anatulia dakika tano, anauliza tena. Ameacha kwenda kazini siku mbili kwa ajili ya chunusi moja. Nimsaidieje? — Kaka aliyechoka

Kaka, unachokieleza kinafanana na ugonjwa wa kuona kasoro mwilini. Hushika watu wapatao 2 kati ya 100, wanawake kwa wanaume, na kwa wengi huanza kabla ya miaka 18. Mtu hufikiria kasoro ambayo wengine hawaioni au wanaiona ndogo, na hurudia vitendo: kioo, kugusa, kufunika kwa mekapu, kupiga picha ile ile mara hamsini, kuuliza. Si majivuno, wala mtandao peke yake hauuleti, ingawa huupa kuni.

Jibu lako la "u mzuri" ndilo kuni nyingine. Linamtuliza dakika tano na kumfundisha kwamba utulivu hupatikana kwa kuuliza. Ukinyamaza ghafla ataona umemchoka, kwa hiyo kubalianeni kwanza wakati ametulia: "Swali la ngozi sitalijibu tena, kwa sababu naona halikusaidii." Likija, mwambie, "Naona wasiwasi umepanda. Tutoke kidogo?" Siku za kwanza maswali yataongezeka. Shikilieni. Vioo na picha visiondolewe vyote kwa siku moja. Apunguze, kwa mfano kioo mara 3 kwa siku, kwa umbali wa mkono ulionyooka, bila taa ya kukuza.

Mpeleke kwa daktari wa akili au mwanasaikolojia kabla hajafika kwa daktari wa upasuaji. Tiba ni ya mazungumzo inayomzoesha hatua kwa hatua kutoka bila kujifunika na bila kukagua, pamoja na dawa za kundi la SSRI, ambazo ni za sonona na wasiwasi, pale inapohitajika, ambazo huchukua wiki 12 au zaidi kuonyesha nguvu yake yote. Upasuaji kwa kawaida hauwaponyi. Kasoro huhamia sehemu nyingine. Na kwa kuwa mawazo ya kujiua ni mengi katika ugonjwa huu, muulize, kama tulivyomwambia mama hapo juu.

Nauza vipodozi kwa video. Bila filta hazitazamwi, nikiweka filta wateja wanalalamika. Nifanyeje? — Mfanyabiashara mdogo

Filta ya kofia au masikio ya sungura, endelea. Filta ya ngozi juu ya bidhaa ya ngozi ni kumdanganya mnunuzi. Uingereza, mamlaka inayosimamia matangazo iliamua hivyo mwaka 2021: filta isitumike pale inapokuza matokeo ya kipodozi.

Utazamaji wako unaangushwa zaidi na mwanga. Kaa umbali wa mita 1 kutoka dirishani, weka karatasi nyeupe upande wa pili irudishe mwanga, safisha lenzi, na ubonyeze uso kwenye skrini kwa muda hadi kamera ifunge mwanga na umakini. Bila hivyo "kabla" itatoka nyeusi na "baada" nyeupe kwa sababu ya kamera tu. Piga zote mbili saa ile ile, mahali pale pale. Kwa fandesheni onyesha taya na shingo, na urudi baada ya saa 6 waone ilivyokaa. Kwa bidhaa ya mabaka, video ya "baada" isiwe kabla ya wiki 8.